Hali ya Sita

Watu wa saiti walimwita Kidole, na jina likamkaa. Kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kusimama chini, kofia ngumu kichwani, akimwelekeza dereva wa winchi kwa mikono: kidole juu, pandisha, kidole chini, shusha, ngumi, shikilia hapo hapo. Dereva aliye kwenye kibanda juu ya mnara haoni kila kona, kwa hiyo macho yake ya pili ni yule aliye chini. Kazi hiyo ilimfuata Kidole hadi nyumbani. Akitaka kumwambia mumewe aongeze sukari kwenye chai, kidole kilikuwa kimeshapanda kabla mdomo haujafunguka.

Dereva wa winchi mwenyewe alikuwa mzee mkavu, maneno yake ya kuhesabu, na mwisho wa mwezi alikuwa anastaafu. Kiti chake kile cha juu, Kidole alikitamani tangu wiki yake ya kwanza kazini. Kampuni ilimwambia bila kuficha: akipata leseni kabla mzee hajaondoka, kiti ni chake, asipopata, ataletwa dereva kutoka mahali pengine, na yeye atabaki chini na vidole vyake.

Alifanya mtihani, akaanguka. Na alianguka kwa jambo la kuudhi kabisa. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, kama karatasi zote za winchi zilivyo, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Maswali mengine aliyasukuma hivyo hivyo. Swali la nne likamtaka ataje hali tano ambazo ni "adverse" kwa kazi ya kunyanyua mizigo, na neno hilo alikuwa hajawahi kukutana nalo popote. Alilikodolea macho mpaka muda ukaisha. Akaacha nafasi tupu, akakosa kufaulu kwa alama nne. Walipotoka nje ndipo mwenzake akamwambia walichotaka: mambo kama upepo. Upepo! Mtu anasimamisha winchi kwa sababu ya upepo miaka tisa, halafu anaacha swali la upepo likiwa jeupe. Alilia njia nzima, na nusu ya machozi yale yalikuwa ya hasira.

Alibakiwa na nafasi moja tu ya kurudia, wiki tatu mbele, maandishi siku moja na vitendo siku inayofuata. Aliyemwokoa alikuwa baba mkwe wake. Nasema alimwokoa, na Kidole mwenyewe ndivyo anavyosema mpaka leo, ingawa mwanzoni alikaribia kumrushia sufuria.

Mzee huyo alikuwa mwalimu wa Kiingereza mstaafu. Alikuja kukaa nao baada ya mkewe kufariki, na kwa mwaka mzima alikaa kwenye meza ya jikoni akitazama dirishani, gazeti la juzi mbele yake. Maneno yake yote yalikuwa juu ya chai: imepoa, imezidi majani, kikombe hiki kina ufa. Kidole alimheshimu na kumkwepa kwa wakati mmoja. Mumewe, dereva wa malori ya mbali, alikuwa nyumbani siku nne kwa mwezi, kwa hiyo kazi ya kumvumilia mzee ilikuwa ya mkwe mtu.

Jioni ile Kidole aliitupa karatasi ya matokeo mezani, akashika tama. Mzee akaivuta, akaisoma, kalamu nyekundu mkononi. Mwalimu hastaafu kalamu.

"Wamekuangusha kwa swali la nne," alisema.

"Neno silijui, Baba. Nimeshaambiwa ni mambo ya upepo, lakini safari hii watageuza swali. Hebu niambie maana yake vizuri, niende nikapike."

Mzee akavua miwani. "Nikikwambia sasa hivi, utaimeza leo na kuitapika kesho. Tufanye hivi. Kila siku ukitoka kazini niletee kitu kimoja kilichoipinga kazi yako. Kimoja tu. Mimi nitakwambia kama neno linakikubali au linakikataa."

"Baba, mtihani ni wiki tatu!"

"Basi utaniletea vitu kumi na vinane. Jumapili tunapumzika."

Siku ya kwanza Kidole alikuja na jibu tayari mdomoni. "Msimamizi. Ana kisirani tangu asubuhi mpaka jioni."

"Kisirani chake kiliuzuia mzigo kupanda?"

"Hapana. Mzigo ulipanda."

Kalamu ikachora mkasi mwekundu, alama ya kukosa, kwenye daftari alilokuwa amelifungua mezani. "Huyo anakuudhi tu. Neno likibeba kila kinachokuudhi, litakuwa kapu la takataka. Kesho, mkwe wangu."

Kidole aliosha vyombo vya jioni ile kwa kelele ambazo hata jirani alizisikia.

Siku ya pili alileta upepo, maana hapo alijua hawezi kukosea. Mzee akauliza kama upepo ni kitu kibaya. Kidole akajibu ndiyo, ni kibaya, kwani nani asiyejua?

"Nenda kamuulize jirani. Ameanika mashuka sita."

Ndipo alipomfungulia neno lenyewe, akiwa amesahau hata chai yake. Neno hili, alisema, halikwambii kwamba kitu ni kibaya. Linakwambia kimesimama upande wa pili wa jambo unalolifanya na kinakusukuma urudi. Kwa hiyo kila ukikutana nalo, uliza kwanza: kinapinga nini? Utalisikia kwa watu wa hali ya hewa, mvua inapokataza safari. Utalisikia kwa daktari, dawa iliyokuja kutibu inapomwasha mgonjwa mwili mzima. Utalisikia mahakamani, hukumu inapokuangukia wewe, na hukumu hiyo hiyo mwenzako anaitia kwenye fremu. Pasipo kazi inayofanyika, neno halina mahali pa kusimama.

"Sasa upepo wako unapinga nini?" aliuliza.

"Mzigo uliokwisha kunyanyuka," Kidole alijibu. "Ukiwa chini bado, upepo hauna neno nao."

Mzee akaweka alama ya kupata, ndefu, kutoka mstari hadi mstari.

Basi wakaendelea. Kidole alileta mvua inayoingia machoni pa aliye chini. Alileta ukungu, ardhi iliyolainika chini ya miguu ya winchi, nyaya za umeme zilizopita karibu, redio inayokatakata maneno. Alileta pia njaa ya saa sita, ikakatwa mkasi, kisha wakabishana nusu saa mpaka mzee akakubali kuipa nusu alama. Taratibu maswali yakaanza kutoka kwa mzee. Kwa nini mzigo unayumba hata pasipo upepo? Bamba moja la zege lina uzito gani? Nani anajibu likianguka? Siku moja Kidole alimkuta amesimama mlangoni akimngojea, na chai ya saa kumi ilikuwa mezani, imepoa kabisa, bila malalamiko.

"Mzee anaongea?" mumewe aliuliza kwenye simu.

"Anaongea mpaka namwomba apumue."

"Asante," mume alisema. "Sikujua nifanye nini naye." Kidole alitaka kumwambia kwamba yeye hajafanya chochote, anafundishwa tu, lakini sauti ya mumewe ilimfanya aipokee tu ile asante.

Siku ya kumi na nne aliingia jikoni bila kuvua buti. "Baba, leo nimekuletea jua."

"Jua?"

"Anga safi, hakuna wingu, upepo umelala, kila mtu anasema siku nzuri. Saa kumi jua likashuka likampiga dereva usoni. Hanioni! Nampa ngumi, yeye anaendelea kupandisha. Tukasimamisha kazi. Siku ilikuwa nzuri kwa wote isipokuwa kwa ule mzigo."

Mzee aliweka alama moja, akaitazama, akaongeza ya pili. "Miaka thelathini na miwili nimelifundisha neno hili kwa sentensi moja, na sentensi yenyewe ni ya mvua," alisema. "Hili la jua hakuna aliyewahi kuniletea."

Mtihani wa maandishi ulipofika, swali lilikuwa limegeuzwa kama soksi. Safari hii walieleza siku nzima ya kazi kwa Kiingereza kirefu na kumtaka mtahiniwa aoneshe kila hali iliyokuwa adverse, na inapinga nini. Inapinga nini! Kidole nusura acheke kwa sauti chumbani mle. Aliandika mpaka nafasi ikaisha, akapindisha maneno pembeni mwa karatasi. Mchana huo huo majina yalibandikwa, na lake lilikuwa la tatu. Alipofika nyumbani, mzee alikuwa ameshajua kwa simu, na alikuwa uani akimwambia jirani, "Tumefaulu." Kidole alisimama nyuma yake na kulisikia lile "tu", na moyo wake ukajaa shukrani.

Ilibaki siku moja, ya vitendo.

Kabla ya chakula cha jioni mzee alianza kuhema. Mwanzoni alisema ni vumbi la chaki za zamani, akijaribu kufanya utani, kisha utani ukamshinda. Kidole aliita gari, wakaenda hospitali. Mume alikuwa safari ya siku mbili kutoka nyumbani, na wifi yake angeweza kufika asubuhi tu. Kwa hiyo alikaa yeye, kwenye kiti cha plastiki, akiangalia kifua cha mzee kikipanda na kushuka, roho mkononi, mpaka kukapambazuka. Asubuhi daktari akasema hatari imepita. Mzee akafungua jicho moja juu ya kifuniko cha hewa alichowekewa puani na mdomoni, akasema neno moja: "Nenda." Wifi akaingia kupokea zamu, na Kidole akaenda.

Saiti ilikuwa imetulia kama picha. Mtahini alikuwa mama mfupi mwenye miwani ya kamba, ubao wa karatasi kifuani. Mzigo wa mtihani ulikuwa bamba la zege la tani mbili, la kunyanyuliwa upande huu wa kiwanja na kushushwa upande ule. Wa kumwelekeza alikuwa dereva mzee mwenyewe. Alijitolea, akisema kama mtu atakalia kiti chake basi atamwona kwa macho yake akiwa chini.

Kidole alipanda ngazi ya mnara, akakaa, akafunga mkanda. Kabla dereva hajagusa fimbo za kuendeshea, kuna desturi ya kazi: husoma hali zote kwenye redio, moja moja, na aliye chini huzirudia. Ndivyo watu wawili wanavyokubaliana kwamba wanaiona siku ile ile.

"Mvua hakuna."

"Mvua hakuna," ilirudi sauti kavu ya dereva mzee.

"Ardhi kavu. Nyaya ziko mbali. Jua liko mgongoni. Upepo, sita."

"Upepo, sita."

Akatupa jicho kwenye kipima upepo, kwa sababu ghafla hakuwa na hakika kama alikuwa amekisoma au ameotea tu. Kilisema kilomita tisa kwa saa. Tisa si kitu, winchi hunyanyua hata kwenye upepo mara tatu ya huo. Lakini yeye alikuwa amemwambia mtu namba ambayo haikuwepo pale, na mtu huyo ameirudia kwa kuamini.

"Kuna kingine?" mtahini aliuliza kwenye redio kutoka chini. Aliuliza kwa mazoea tu, kalamu yake ikiwa imeshaelekea mstari wa chini.

Mikono yake iliijua kazi, hiyo haikuwa na ubishi. Hakuna ambaye angegundua. Leseni ilikuwa umbali wa dakika kumi na tano, na akishuka sasa huenda ndiyo amekiaga kile kiti moja kwa moja. Akatazama chini. Kofia ya dereva mzee ilikuwa ndogo kama kifuniko cha chupa, na hatua nne kutoka kwake lilikuwa lile bamba. Alijaribu kujiambia kwamba hali ni nzuri, na ilikuwa nzuri kweli: mgonjwa amepona, mbingu nyeupe, upepo mdogo. Kisha akajiuliza lile swali la jikoni, kinapinga nini, na jibu likaja lenyewe.

"Kuna hali ya sita," alisema kwenye redio.

"Rudia," alisema dereva mzee.

"Dereva hajalala tangu jana asubuhi. Nimekusomea upepo sita, nao ni tisa. Hali hii ni adverse kwa kunyanyua. Sijagusa fimbo. Nashuka."

Katikati ya ngazi ilibidi asimame ashike chuma kwa mikono miwili, na hapo ndipo alipojua alikuwa amechoka kiasi gani.

Chini msimamizi alikuwa ameshika kiuno. "Kidole, unajua umefanya nini? Unamwaga unga mwenyewe!"

Mtahini alimnyamazisha kwa mkono, akapekua karatasi zake mpaka akafika ukurasa wa nyuma. "Kuna sehemu ya kuahirisha kwa sababu ya hali," alisema. "Nimeijaza kwa upepo, nimeijaza kwa mvua, mara moja nimeijaza kwa nyuki. Kwa hili sijawahi." Akaandika polepole, akapiga mhuri. "Hujafeli. Lakini nafasi ya karibu ni baada ya wiki tano."

Wiki tano. Dereva mzee alikuwa anaondoka baada ya siku tisa. Kidole alikubali kwa kichwa. Alifikiria tena miaka mingine tisa chini, akajiambia angalau hakuna aliyeumia. Maneno hayo hayakumfariji sana.

Dereva mzee alikuwa akivua glavu zake, kidole kwa kidole. Alilitazama bamba, akatazama juu kwenye kibanda, akafuta uso.

"Miaka ishirini na saba nimekaa kule juu," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza mimi kuwa chini." Akamgeukia msimamizi. "Wiki tano si nyingi. Nitabaki."

"Wewe umeshaandikiwa barua! Hata keki ya kukuaga imeshaagizwa."

"Keki mtaila. Mimi ninabaki mpaka huyu apande." Kisha mtu huyu ambaye Kidole hakuwahi kumsikia akimshukuru mtu yeyote, hata aliyemletea maji, alisimama mbele yake na kuvua kofia. "Kichwa changu kilikuwa pale. Asante, mwanangu."

Kidole alilia, na safari hii hapakuwa na hasira hata tone.

Alirudi hospitali na buti zake za kazi. Wifi alikuwa ametoka kwenda kumletea mzee nguo safi. Kifuniko cha hewa kilikuwa kimeondolewa, na mzee alikuwa ameegemezwa kwenye mito miwili, akilalamika kwamba chai ya hospitali ni maji ya kuoshea vikombe. Kidole alipoyasikia malalamiko yale alishukuru Mungu kimoyomoyo.

"Umepita?"

Akamwambia yote, kuanzia upepo sita mpaka barua ya dereva. Mzee alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza uso wake ukazidi kuanguka.

"Kwa hiyo ni mimi niliyekupinga," alisema. "Wiki tatu nakufundisha, halafu usiku mmoja nakuharibia."

"Hapana, Baba, hapo nakukatalia." Kidole akavuta kiti. "Wewe mwenyewe umesema neno hilo halimaanishi kitu ni kibaya. Kukaa na wewe jana ni jambo zuri kuliko yote niliyofanya mwaka huu. Ningeulizwa tena, ningekaa tena. Ni winchi tu ndiyo haikulitaka. Kungekuwa hakuna mzigo, kungekuwa hakuna neno."

Mzee aligeuza uso dirishani, na mabega yake yakatikisika kidogo.

"Tangu mama yenu aondoke, nilikuwa naamka sijui naamkia nini," alisema. "Nilikuwa najua chai tu. Halafu ukaanza kuniingizia matope na ukungu jikoni kwangu. Ikifika saa kumi nasema, leo ataleta nini huyu? Watoto niliowafundisha ni maelfu, mkwe wangu, na wote walikuwa wakinisikiliza kwa sababu nina fimbo. Wewe ulikuwa umechoka, una buti za tope, na ulikaa. Sijakushukuru. Asante. Asante sana, mwanangu."

Alingoja jibu. Akageuka akaona Kidole amelala palepale kwenye kiti cha plastiki, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi kidogo, na mzee hakuwa na uhakika mkwewe alikuwa amesikia mpaka wapi.

Muuguzi akaingia akisukuma toroli la dawa, gurudumu moja likipiga kelele kama kasuku. Mzee, ambaye daktari alimkataza kuinuka, aliinuka nusu kitandani.

"Tafadhali, taratibu," alinong'ona. "Mkwe wangu yuko kazini. Ana kazi ya kulala."